Klorini katika Maji ya Pombe: Iondolewe, Lakini kwa Zamu Yake

Yapo mambo ambayo kila askari anayajua lakini hakuna afisa apendaye kuyaandika gazetini. Moja katika hayo ni kwamba katika kambi zetu nyingi, za jeshi na za polisi, pombe hupikwa. Kwete hupikwa, malwa hupikwa, na tonto ya ndizi hukamuliwa. Na fedha zitokanazo na pombe hiyo zimewasomesha watoto wengi wa koplo na wa konstebo ambao mshahara wa baba peke yake usingaliwafikisha mbali. Mwandishi wa makala haya hatetei ulevi. Askari aliyelewa akiwa na bunduki mkononi ni hatari kwa wenzake kabla ya kuwa hatari kwa adui, na sheria za majeshi yote mawili zimekwisha sema juu yake maneno ya kutosha. Wala sizungumzii waragi ya magendo. Mwaka 2010 huko Kabale makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye methanoli, na sumu hiyo hakuna hila ya jikoni iwezayo kuiondoa. Nazungumzia pombe ya nafaka, na hasa nazungumzia maji yanayoipika.

Malalamiko yanayosikika ni haya: pombe iliyopikwa kwa maji ya bomba inanuka dawa. Mnywaji huinua kibuyu, hunusa, hukunja uso na kusema kwamba ameletewa maji ya hospitali. Wengine husema inanuka bandeji, wengine husema inanuka chumba cha wagonjwa kilichopigwa deki asubuhi. Mpika pombe, kwa kuwa hataki kupoteza wateja, huchukua jerikani zake akaenda kuteka maji kwenye chemchemi ya bondeni au kwenye kisima kilicho kando ya kinamasi, ambako maji ni matamu na hayana harufu. Pombe yake husifiwa. Wenzake humwiga. Haupiti muda mrefu kabla ya bomba la kambi, ambalo serikali imelileta kwa gharama kubwa, kuwa la kufulia nguo tu, na kinywaji cha askari mia mbili kuwa kinatoka katika shimo ambalo ng'ombe hulinywa na mvua hulijaza takataka za mlimani.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la wanywaji na kuwa la jeshi. Kwete si pombe inayochemshwa yote tangu mwanzo hadi mwisho. Unga huvundikwa, hukaangwa juu ya bati, kisha huchanganywa na kimea na maji, ukaachwa siku mbili tatu uchachuke, na mara nyingi maji hayo hayakuonja moto. Uchachu wa pombe huwadhoofisha vijidudu wengi, ni kweli, lakini mtu asiweke maisha yake dhamana juu ya hilo. Tena pombe huongezwa maji baada ya kuchujwa, pale mwuzaji anapotaka ndoo moja iwe ndoo moja na nusu. Maji hayo ya mwisho hayachachuki kabisa. Yakiwa na kipindupindu, mnywaji anakunywa kipindupindu.

Wazee wetu wanakumbuka mwisho wa mwaka 1997 na mwaka 1998, mvua za El Nino zilipofurika mabonde ya Kampala, vyoo vikachanganyika na chemchemi, na kipindupindu kikatoka mjini kikaenea katika wilaya nyingi za nchi. Jirani zetu wa Goma wanakumbuka zaidi. Katika Julai 1994 wakimbizi wapatao milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda wakapiga kambi juu ya mawe ya volkano ambayo hayachimbiki kisima wala choo, wakanywa maji ya Ziwa Kivu kama yalivyo. Kwa majuma machache kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu. Hadi leo, maradhi yanapozuka katika mji ule, utawaona vijana wamesimama ufukoni na bomba la sindano mkononi, wakitia tone la klorini katika kila jerikani inayopita. Watu wa Goma hawaulizi kama maji yananuka.

Sasa tuulize klorini yenyewe ni nini na inafanya nini ndani ya mtungi wa pombe, maana wengi wanaoisema vibaya hawaijui.

Maji ya Kampala kwa sehemu kubwa hutoka Ziwa Victoria, yakisafishwa katika mitambo ya Ggaba, na miaka ya hivi karibuni mtambo wa Katosi umeongezwa mbali na ghuba iliyochafuliwa na mji. Baada ya kuchujwa hutiwa klorini, si kwa ajili ya kuua vijidudu mtamboni tu, bali ili kiasi kidogo kibaki ndani ya maji na kuyalinda njiani, katika mabomba marefu yanayopasuka hapa na pale. Kiasi hicho ni kidogo kweli kweli. Shirika la Afya Duniani linataka maji yamfikiapo mtumiaji yawe na angalau miligramu 0.2 katika kila lita, na linaona kwamba hata miligramu 5 katika lita haziwadhuru wanywaji. Kati ya namba hizo mbili ndimo maji ya bomba yanamopaswa kuwa, na kwa kawaida huwa karibu zaidi na ile ndogo.

Kiasi hicho hakiui chachu. Nimewasikia wapika pombe wakisema kwamba kwete yao ilikataa kuumuka kwa sababu ya dawa ya bomba, nami nawaambia watafute sababu nyingine: kimea kilichooza, baridi ya usiku, au haraka ya mwenye kupika. Klorini ikikutana na unga hutumika na kwisha kabla haijaifanya chachu lolote. Lakini katika kutumika huko ndimo inamoacha uharibifu wake. Ndani ya nafaka, hasa katika maganda ya ulezi na mtama mwekundu, mna vitu viitwavyo fenoli. Moshi wa kuni nao una fenoli zake, na pombe yetu hukaangwa juu ya moshi. Klorini hushikana na fenoli na kuzaa klorofenoli, na hiyo ndiyo inayonuka bandeji. Gramu chache tu katika lita milioni moja zatosha pua ya binadamu kuitambua. Ndiyo maana maji yale yale ukiyanywa kwenye kikombe huoni kitu, ukiyapikia chai waona kidogo, na ukiyapikia pombe wateja wanaondoka. Na ikiisha kuzaliwa, klorofenoli haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kuachwa. Klorini yafaa iondolewe kabla maji hayajauona unga. Baadaye ni kazi bure.

Viwanda vya bia vinalijua hili tangu zamani, na hupitisha maji yao katika mkaa maalumu kabla ya kuyagusisha na kimea. Mama anayepika kwete nyuma ya laini ya koplo hakuambiwa na mtu.

Askari kwa upande wake angepaswa kulijua kuliko wote, kwa kuwa klorini ni kitu cha kijeshi tangu utoto wake. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, askari wapatao 22,000 wa upande wa Uingereza walikufa, na zaidi ya nusu yao hawakuuawa na risasi bali na maradhi, homa ya matumbo ikiwa mbele. Mwaka 1910 Meja Carl Rogers Darnall, daktari katika jeshi la Marekani, alionyesha jinsi ya kusafisha maji kwa gesi ya klorini iliyogandamizwa ndani ya mtungi wa chuma. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Aprili 1915 karibu na Ypres, Wajerumani waliifungulia gesi hiyo hiyo kutoka mitungi ya namna hiyo hiyo iwaendee askari wa Ufaransa kwenye mahandaki. Silaha moja, kazi mbili. Katika vita hiyo hiyo afisa mganga wa Kiingereza, William Horrocks, alitengeneza sanduku lenye vikombe vyeupe ambalo kwa hilo askari aliweza kupima shambani ni kiasi gani cha dawa kinatosha maji ya mahali pale, badala ya kukisia.

Lakini somo ninalolitaka limo katika vita ya pili ya dunia, ile ambayo babu zetu wa King's African Rifles walipigana Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya matope na malaria. Jeshi la Uingereza lilikuwa na kikopo kidogo cha bati chenye chupa mbili za vidonge. Kidonge cha chupa ya kwanza kilitiwa ndani ya chupa ya maji, na askari akangoja nusu saa. Ndipo alipotia kidonge cha chupa ya pili, chenye thiosulfeti, kilichoiondoa ladha ya klorini, akanywa. Mwenye kuwapa askari chupa mbili alijua tabia za binadamu: kwamba mtu akichukia ladha ya dawa ataitupa dawa yenyewe, naye atakufa na koo lake likiwa limeridhika. Hakumgombeza. Alimwondolea ladha, ila kwa utaratibu. Kwanza dawa ifanye kazi yake, kisha iondoke.

Utaratibu huo ndio ninaoutaka katika pombe ya kambi. Wanaosema kwamba wapika pombe walazimishwe kutumia maji ya bomba kama yalivyo hawajawahi kuuza kitu. Utawalazimisha mchana, na usiku watakwenda bondeni. Na wanaosema kwamba chemchemi ni maji ya Mungu, kwa hiyo ni safi, wangetazama kwanza vyoo vilivyo juu ya chemchemi hiyo. Njia iliyo katikati ni kuchukua maji ya bomba, ambayo klorini imekwisha yafanyia kazi, na kuiondoa klorini hiyo siku ya kupika, kwa maji ya pombe tu.

Njia ya kwanza ni kungoja. Maji yamiminwe katika chombo chenye mdomo mpana, karai au pipa lililokatwa, yafunikwe kitambaa chepesi kinachozuia nzi lakini kinachopitisha hewa, yaachwe siku nzima na usiku wake. Klorini hupotea yenyewe, na jua huiharakisha. Jerikani iliyofungwa kifuniko haifai. Ndani yake klorini hukaa siku nyingi, na mpika pombe aliyeyahifadhi maji yake humo juma zima hushangaa kwamba kungoja kwake hakukumsaidia. Kuyamimina maji kutoka ndoo hii hadi ndoo hii mara nyingi, kama mwuza chai anavyoipoza chai, nako kunasaidia.

Njia ya pili ni moto. Maji yakitokota kwa robo saa bila kifuniko, klorini imekwenda, na vijidudu navyo vimekwenda. Kwa usafi hii ndiyo njia bora kuliko zote. Kwa mfuko ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa bei ya mkaa tunaijua sote, na kuchemsha lita mia mbili kwa ajili ya kuondoa harufu ni kuchoma faida. Kwa wanaopika malwa shida hii ni ndogo, maana maji ya moto yanayomiminwa chunguni wanywaji wakiwa kwenye mirija huchemshwa kwa vyovyote; birika liachwe wazi litokote kidogo zaidi, basi.

Njia ya tatu wengi hawaijui, nayo ni ya rahisi. Vitamini C, ile ile inayouzwa dukani kwa mafua, huimaliza klorini kwa dakika chache. Kila miligramu moja ya klorini huhitaji miligramu mbili na nusu hivi za vitamini. Chukua jerikani ya lita 20 yenye klorini nyingi, tuseme miligramu 2 katika lita: jumla ni miligramu 40, na kidonge kimoja cha miligramu 100 kinatosha. Kisagwe, kikorogwe, na maji yapumzike kidogo. Kisiwe kile chenye rangi na harufu ya chungwa, isipokuwa mtu anataka kuuza kwete ya chungwa. Wazungu wanaopika bia majumbani mwao hutumia kidonge kingine, cha metabisulfiti ya potasiamu au ya sodiamu, ambacho kimoja huhudumia lita 75 hivi. Ni kizuri pia, lakini watu wenye pumu wengine hudhurika na dawa za jamii hiyo, na kwetu si rahisi kukipata. Katika miji ya nchi nyingine, Marekani hasa, maji hutiwa kloramini mahali pa klorini tupu, na kloramini haikimbii kwa kungoja wala haiondoki upesi kwa moto. Huko vidonge hivi si hiari tena. Askari wetu wanaokwenda kozi ng'ambo na kurudi na elimu ya kupika bia wakumbuke tofauti hiyo kabla ya kutufundisha.

Mkaa wa jikoni usitumiwe. Mkaa unaoondoa klorini umetengenezwa kwa namna yake, una matundu yasiyoonekana kwa jicho, na maji hupitishwa polepole. Huu wa gunia utayaachia maji weusi na majivu, na klorini utaiondoa kidogo tu.

Tena kuna adui wa ndani ambaye watu humsahau wakilaumu bomba. Mpika pombe mwenye usafi huosha mapipa yake kwa Jik. Anafanya vema. Lakini Jik ni klorini kali mara maelfu kuliko maji ya bomba, na pipa la plastiki lisilosuuzwa vizuri hubaki na yake kwenye michubuko. Nina hakika kwamba sehemu kubwa ya pombe inayonuka bandeji katika kambi zetu ilianzia hapo na siyo mtamboni Ggaba. Pipa lisuuzwe mara tatu, likaushwe juani, na suuzo la mwisho liwe la maji yaliyochemshwa.

Kabla sijaendelea, niseme neno juu ya uvumi. Wako watu wanaonong'ona kwamba dawa ya bomba hupunguza nguvu za kiume, na kwamba imetiwa kwa makusudi. Kazi yangu ni kujibu uvumi, nimesikia mwingi, na huu ni katika ule unaodumu kwa sababu kila mwenye kuusikia anaogopa kuuliza. Klorini ya bomba haifanyi jambo hilo. Pombe nyingi kila jioni hulifanya, na daktari yeyote wa kambi atalithibitisha bila kuombwa mara mbili.

Liko sharti moja ambalo bila hilo makala haya yangekuwa na madhara. Maji yaliyoondolewa klorini ni maji yaliyovuliwa silaha. Yakikaa siku mbili ndani ya pipa, mkono mmoja mchafu na kikombe kimoja kilichookotwa chini vyatosha kuyaharibu, na hakuna kitu ndani yake cha kupigana. Kwa hiyo yasihifadhiwe. Yaondolewe klorini leo, yapikiwe leo. Na yale ya kuongeza baada ya kuchuja yawe yamechemshwa, hata kama ya kupikia hayakuchemshwa. Maji ya kunywa ya familia, ya watoto hasa, yasiguswe na vitamini wala na karai la kungojea. Hayo yabaki na klorini yake, na mtoto anayeyakataa apewe yaliyochemshwa na kupozwa ndani ya chombo chenye kifuniko. Na askari aendaye doria asije akachukua maarifa haya ya pombe akayapeleka kwenye chupa yake ya maji ya mto. Kule hakuna mtambo uliokwisha fanya kazi kabla yake. Kidonge kitiwe, saa itazamwe, nusu saa ipite.

Najua jibu la baadhi ya maafisa wenzangu: kwamba kufundisha haya ni kuihalalisha pombe kambini, na kwamba amri moja ya kupiga marufuku ingetosha. Amri za namna hiyo zimekwisha tolewa mara nyingi, chini ya serikali mbalimbali, na kwete ingali ipo. Kilichobadilika kila mara ni mahali inapopikiwa, nacho huwa mahali pa giza zaidi na penye maji machafu zaidi. Mkuu wa kambi anaweza kuweka saa za kuuza, anaweza kukataza askari wa zamu asisogee, anaweza kumwondoa mwuzaji anayewalewesha vijana. Mamlaka hayo ni yake na ayatumie. Lakini hawezi kulinda matumbo ya watu wake asipojua maji yao yanatoka wapi.

Ninachopendekeza hakihitaji fungu la fedha kutoka makao makuu. Sajini wa afya wa kila kambi awaite wapika pombe wote, walio na ruhusa na wasio nayo, awape saa moja ya kuwaonyesha yaliyosemwa hapa, na asiandike majina yao siku hiyo. Karibu na bomba la kambi yawekwe mapipa mawili yaliyokatwa mdomo, yenye kitambaa na mfuniko wa wavu, yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni ya pombe na si ya kunywa, na mlinzi wa bomba ayajaze asubuhi kwa ajili ya kesho yake. Katika kambi zenye msongamano kama zile za polisi za mjini, ambako nafasi ya mapipa haipo, duka la kambi liweke vidonge vya vitamini C visivyo na rangi na kuviuza kimoja kimoja. Na njia ya miguu iendayo kwenye chemchemi ya bondeni itazamwe mwezi mmoja baadaye, kama majani yameanza kuota.